Usiku wa Uli: tathmini ya ndege za chakula kwenda Biafra, 1968–1970

Huduma tunayoitathmini hapa, ya ndege zilizopeleka chakula usiku Biafra, eneo lililojitenga na Nigeria, ilidumu chini ya miaka miwili, lakini hadi leo hutajwa kila serikali inapovutana na eneo lililojitenga juu ya chakula kipite wapi, saa ngapi, na nani afungue magunia kuyakagua. Msomaji wa Goma, ambaye kiwanja chake cha ndege kilifungwa Januari 2025, atakuta humu mambo anayoyajua kwa macho yake. Tunapima njia tano zilizopendekezwa kuingiza chakula Biafra. Mbili zilifikisha chakula, tatu ziliishia kwenye makaratasi. Tutakaa zaidi kwenye zile mbili.

Kipimo chetu ni kimoja: kilo ngapi zilifika kwenye bakuli la mtoto, na zilifika lini.

Kilichohitajika

Jimbo la Mashariki la Nigeria lilijitangazia uhuru tarehe 30 Mei 1967 chini ya Luteni Kanali Odumegwu Ojukwu, likajiita Biafra. Vita vilianza 6 Julai. Serikali ya Shirikisho ya Yakubu Gowon, iliyokuwa na makao yake Lagos, iliziba pwani. Bonny ilitekwa mwezi huohuo wa Julai, Calabar ikafuata Oktoba, na Port Harcourt ilipoanguka Mei 1968 Biafra ilibaki bila bahari. Kufikia mwisho wa mwezi huo nchi nne za Afrika zilikuwa zimeshaitambua. Tanzania ilitangulia tarehe 13 Aprili 1968, kisha Gabon, Ivory Coast na Zambia mwezi Mei.

Tatizo la chakula lilikuwa la aina yake, na asiyelielewa hawezi kuitathmini huduma hii kwa haki. Eneo lile halikukosa kitu cha kujaza tumbo. Muhogo ulikuwepo, viazi vikuu vilikuwepo, ingawa vilipungua kadiri mashamba yalivyotekwa na wakimbizi walivyozidi kubanana. Kilichokatika ni protini. Nyama ilizoea kushuka na ng'ombe kutoka kaskazini mwa Nigeria, na samaki mkavu aliingia kwa meli kutoka Norway. Vita vilifunga barabara ya ng'ombe, mzingiro ukafunga bandari ya samaki. Mtoto aliyeachishwa ziwa akapewa muhogo asubuhi na muhogo jioni hupata unyafuzi, ule ambao wengi huuita kwashakoo na watu wa Kivu huuita bwaki. Nywele hugeuka rangi ya kutu na kunyofoka zikivutwa kidogo. Uso na miguu huvimba, na asiyejua hudhani mtoto amenenepa. Ukibonyeza kidole gumba juu ya mguu wake karibu na kifundo kisha ukakiondoa, shimo linabaki palepale. Mtoto huyo hana hamu ya kula. Ukimwekea chakula mbele hugeuza uso.

Kwa hiyo tani za mchele pekee zisingetosha. Ilihitajika protini nyepesi kubebeka, inayovumilia joto, inayopikika kwa kuni chache, na iingie kila siku bila kukatika.

São Tomé hadi Uli

Huduma kuu iliendeshwa na Joint Church Aid, umoja wa mashirika ya Kikatoliki na Kiprotestanti ya nchi nyingi, ukiwa pia na mchango wa Wayahudi wa Marekani. Tawi la nchi za Skandinavia liliitwa Nordchurchaid, na la Kanada Canairelief. Kituo chao kilikuwa kisiwa cha São Tomé, koloni la Ureno. Hilo pekee lilitosha kuifanya Lagos iitilie shaka kazi nzima, kwa sababu Ureno ilikuwa wakati huohuo ikipigana na wapigania uhuru Angola, Msumbiji na Guinea-Bissau. Tanzania, iliyokuwa mwenyeji wa FRELIMO jijini Dar es Salaam, ilijikuta inaitetea Biafra iliyokuwa ikilishwa kupitia kiwanja cha Mreno. Mambo hayo hayakuwa mepesi kwa yeyote aliyeyaangalia kwa makini.

Uli yenyewe ilikuwa barabara ya lami kati ya Owerri na Onitsha, iliyopanuliwa ikafanywa njia ya kurukia. Ilikuwa nyembamba kiasi kwamba mabawa ya ndege kubwa yalipita juu ya vichaka vya pembeni. Kando yake vilichongwa vichochoro vya kuegesha, ili ndege inayopakuliwa isizuie inayotua. Mchana njia ilifunikwa matawi ya miti, na kutoka angani ilionekana kama barabara nyingine yoyote ya kijijini.

Safari ya kawaida ilikwenda hivi. Ndege hupakiwa mchana na kuondoka São Tomé jioni, ikipangwa kuvuka pwani ya Nigeria giza likiwa limeshaingia. Huvuka taa zote zikiwa zimezimwa, kwa sababu mizinga ya Shirikisho iko chini. Ikikaribia, hufuata mawimbi ya mnara wa redio wa Uli, hutaja neno la siri la usiku huo, kisha hupangwa kwenye foleni ya kuzunguka angani, kila ndege kwenye kimo chake. Zamu ikifika, rubani huomba taa. Taa za njia huwashwa sekunde chache kabla ya magurudumu kugusa lami na kuzimwa mara tu yanapogusa. Sababu ya haraka hiyo ni ndege moja ya Shirikisho iliyokuwa ikizunguka juu usiku huohuo na mabomu yake, ikisubiri taa ziwake ili ijue pa kuyaangusha.

Ikishasimama, makuli huingia. Hapakuwa na mashine ya kunyanyulia mizigo, kila gunia lilishuka kwa bega la mtu. Ndiyo maana ufungashaji ulikuwa na uzito wake katika kazi hii. Gunia la kilo 25 hadi 50 mtu mmoja hulimudu gizani, lakini kreti kubwa la mbao huhitaji watu wanne na tochi, na tochi ni hatari. Timu nzuri iliimaliza ndege kwa kati ya nusu saa na saa moja. Malori yalibeba mzigo hadi maghala ya parokia na vituo vya wakimbizi, na yalitakiwa yawe yamefichwa chini ya miti kabla ya kupambazuka.

Tuangalie hesabu, maana ndiyo inayoonyesha ubora na kasoro ya huduma hii kwa pamoja. Kutoka São Tomé hadi Uli ni kama kilomita 600. Ndege ya propela yenye mzigo kamili huchukua kama saa mbili kwenda. Ongeza foleni ya angani, upakuaji na safari ya kurudi, mzunguko mmoja unakula saa tano au zaidi. Karibu na ikweta usiku una saa kumi na mbili mwaka mzima. Ndege moja basi hupata mizunguko miwili kwa usiku, na wa tatu ni wa bahati.

Kwa jumla Joint Church Aid ilifanya safari zaidi ya 5,300 na kuingiza takriban tani 60,000, yaani wastani wa tani 11 hivi kwa safari. Chukua mchanganyiko wa protini wa gramu 100 kwa mtoto kwa siku, ndege moja ina sehemu 110,000. Ukitaka kuwapa watu milioni tatu gramu hizohizo kila siku, unahitaji tani 300 kila usiku, ambazo ni ndege 27 zinazotua salama bila kukosa hata siku moja. Usiku mzuri ulifikia na kupita kiwango hicho. Usiku mbaya, wa mvua, wa mashimo ya mabomu au wa mizozo ya kidiplomasia, haukukaribia. Na gramu 100 si mlo. Ni kiungo cha kumfanya mtoto asife wakati mama yake anatafuta muhogo.

Ndege zenyewe na vilivyoharibika

Nyingi zilikuwa DC-7, DC-6 na Super Constellation, ndege za abiria zilizokuwa zimesukumwa nje ya soko na jeti na kuuzwa kwa bei ya chini. Bei ilivutia, lakini gharama ilijificha kwenye injini. Injini za DC-7 na Super Constellation, Wright R-3350, zilikuwa na sifa ya nguvu nyingi na uvumilivu mdogo. Zinataka fundi mzoefu, oili nyingi na vipuri vya mara kwa mara. Kuziendesha mizunguko miwili kila usiku, zikipanda na mzigo kamili kwenye hewa ya joto na unyevu wa São Tomé, ni kuzichosha kwa namna ambayo shirika la kawaida la abiria lisingekubali. Mwishoni mwa 1968 Marekani ilikubali kuuza ndege 8 za mizigo za C-97, nne kwa makanisa na nne kwa Msalaba Mwekundu. Zilibeba zaidi ya DC-7, ila nazo zilikuwa na injini za silinda 28 zisizotulia.

Kutua gizani kwenye barabara nyembamba, bila taa hadi sekunde za mwisho, kulidai watu. Tarehe 3 Agosti 1969 Super Constellation ya Canairelief ilianguka ikikaribia Uli na wahudumu wake wote wanne walikufa. Haikuwa ndege pekee iliyopotea. Asubuhi baada ya kila ajali au shambulio, wafanyakazi wa Uli walifukia mashimo kwa udongo mwekundu na mawe, wakashindilia, na jioni njia ikawa tayari tena. Katika huduma nzima hakuna kundi lililofanya kazi kwa uhakika kama hilo, na majina yao karibu hayaandikwi popote.

Mzigo: nini kilifaa kurushwa

Kila kilo iliyopanda ndege iliiondoa kilo nyingine, kwa hiyo inafaa kuangalia bidhaa moja moja.

Samaki mkavu wa Norway tunampa nafasi ya kwanza kwa mtu mzima na mtoto mkubwa. Hukaushwa kwa upepo wa baridi bila chumvi hadi anakuwa mgumu kama ubao. Ni tofauti na ng'onda au papa wa pwani yetu, ambao hutiwa chumvi. Maji yote yametoka, na karibu robo tatu ya uzito wake ni protini. Hahitaji mkebe wala barafu, na gunia likichanika hamwagiki. Zaidi ya yote, Waigbo, kabila kubwa la Biafra, walimjua kabla ya vita na walimwita okporoko, jina linaloelezwa kuwa limetokana na mlio wake sufuriani. Msaada unaofahamika hauhitaji kufundishwa. Kasoro yake ni kwamba hukatwa kwa msumeno au kupondwa, hulowekwa usiku kucha, na huchukua kuni nyingi. Mtoto mwenye vidonda vya mdomo hawezi kumtafuna. Lazima atwangwe unga na kuchanganywa na uji.

Maziwa ya unga yaliyoondolewa mafuta yana protini nyingi, karibu theluthi ya uzito wake, lakini yana masharti. Maji yasipochemshwa, unamtibu mtoto njaa na kumpa kuhara. Gunia likilowa usiku mmoja hugeuka jiwe. Na kwa kuwa hayana mafuta, yakitumika peke yake hayatoi nguvu ya kutosha. Kasoro hiyo ndiyo iliyozaa mchanganyiko wa UNICEF ulioitwa K-Mix-2: asilimia 17 kalsiamu kaseineti (protini ya maziwa), asilimia 28 maziwa ya unga, asilimia 55 sukari, na vitamini A. Hukorogwa kwenye maji yaliyochemshwa, kisha huongezwa mafuta ya kupikia wakati wa kuandaa. Kwa mtoto aliyevimba na kukataa chakula, hiki ndicho kilichofaa kuliko vyote. Anapewa kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku. Ukimpa kikombe kizima kwa mara moja atatapika, na mzigo uliosafiri kilomita 600 gizani umemwagika chini.

CSM, unga wa mahindi, soya na maziwa kutoka Marekani, una protini kama asilimia 20 na hupikwa kama uji. Kwa kulisha watu wengi kwenye kituo ni mzuri, kwa mgonjwa mahututi hautoshi. Chumvi wengi waliisahau hadi ilipoadimika, kwani Biafra ilipokosa pwani ilikosa chumvi pia. Ilistahili nafasi yake ndegeni, ila ifungwe vizuri, kwa sababu ikimwagika hula sakafu ya aluminiamu. Vyakula vya mkebe tusingevirusha kabisa, kwa kuwa sehemu kubwa ya uzito ni maji na bati.

Na dizeli. Bila dizeli malori ya ugawaji hayatoki Uli, na chakula kinabaki kando ya njia kikisubiri bomu la asubuhi. Tunalisisitiza hili kwa sababu pipa la dizeli ndilo lililoivuruga njia ya pili.

Fernando Po na Msalaba Mwekundu

Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilirusha kutoka kisiwa cha Fernando Po, ambacho leo ni Bioko. Kwa ramani hii ilikuwa njia bora kuliko zote. Hadi Uli ni kilomita 300 hivi, nusu ya safari ya São Tomé. Mafuta kidogo, mizunguko mingi kwa usiku, injini hazichoki upesi. Kama uamuzi ungekuwa wa wahandisi, chakula chote kingepita hapo.

Lakini kisiwa kilibadilisha mmiliki. Tarehe 12 Oktoba 1968 Guinea ya Ikweta ilipata uhuru kutoka Hispania, na serikali mpya, jirani mdogo wa Nigeria kubwa, ikawa na hofu yake. Mwishoni mwa 1968 na mwanzoni mwa 1969 ilipinga kupakiwa kwa dizeli na mitungi ya oksijeni, ikisema hivyo si misaada. Safari zikasimama. Msalaba Mwekundu ukalazimika kuongeza kituo Cotonou, Dahomey, ambayo leo ni Benin, ambako ndege zilitakiwa kuizunguka pwani ya Nigeria kwa upande wa bahari. Dizeli ilihitajika kugawa chakula na oksijeni ilihitajika hospitalini, na hakuna mganga wala dereva ambaye angebisha. Aliyebisha ni ofisa aliyekuwa akiitazama Lagos.

Mwakilishi mkuu wa Msalaba Mwekundu alikuwa August Lindt, Mswisi aliyekuwa balozi wa nchi yake Moscow. Kazi yake ilikuwa ngumu kuliko ya makanisa kwa sababu moja. Makanisa yaliruka bila ruhusa ya Lagos na hayakujifanya kuwa nayo. Msalaba Mwekundu ulikuwa ukihudumia wenye njaa pande zote mbili za vita, ukawa na maghala na magari upande wa Shirikisho pia, kwa hiyo ulihitaji uhusiano na Gowon usivunjike. Kila safari ya Uli iliuchuna uhusiano huo.

Silaha kwenye foleni moja na maziwa

Kasoro kubwa kuliko zote haikuwa injini wala lami. Ndege za silaha, nyingi kutoka Libreville kwa msaada wa kimyakimya wa Ufaransa, zilitua Uli ileile, usiku uleule, kwenye foleni ileile ya angani. Mwanzoni mambo yalikuwa mabaya zaidi. Hadi katikati ya 1968 makanisa yalinunua nafasi kwenye ndege za Hank Warton, mfanyabiashara Mmarekani ambaye ndege zake zilibeba silaha pia, na ambaye marubani wake ndio waliokuwa na maneno ya siri ya kutua Uli. Mwenye funguo za lango alikuwa muuza usafiri wa silaha.

Ukiritimba huo ulivunjwa Agosti 1968 na rubani Mswidi, Carl Gustaf von Rosen, aliyeingia na DC-7 mchana akipita chini karibu na vilele vya miti. Kwa hilo anastahili sifa: tangu hapo makanisa yalikuwa na ndege zao na ratiba yao. Lakini mtu huyohuyo alirudi mwaka uliofuata na ndege ndogo tano za MFI-9B zilizofungwa roketi, na tarehe 22 Mei 1969 akaongoza mashambulizi kwenye kiwanja cha Port Harcourt. Tunaelewa hasira yake baada ya aliyoyaona. Hata hivyo, kwa huduma ya chakula lilikuwa pigo zito. Aliyewahi kuwa kiongozi wa ndege za misaada alikuwa sasa anapiga ndege za Shirikisho, na Lagos haikuhitaji ushahidi mwingine wa kile ilichokuwa ikikidai siku zote.

Siku 14 baadaye, 5 Juni 1969, DC-7 ya Msalaba Mwekundu wa Sweden iliondoka Fernando Po mapema kuliko ilivyostahili. Ilikuwa juu ya eneo la Eket kabla giza halijaingia. Ndege ya kivita ya Nigeria, MiG-17, iliipiga ikaanguka, na watu wanne waliokuwemo wakafa. Nusu saa ya mwanga wa jioni ilitosha. Lindt alitangazwa mtu asiyetakiwa nchini tarehe 14 Juni na kujiuzulu siku chache baadaye, na tarehe 30 Juni Serikali ya Shirikisho ikauvua Msalaba Mwekundu kazi ya kuratibu misaada. Ndege zake hazikurudi tena kwenye ratiba ya kila usiku. Makanisa yalisita kidogo, kisha yakaendelea.

Njia tatu zisizopeleka kitu

Barabara ya Enugu kupitia Awgu ndiyo Lagos iliyoitaka. Kwa tani ilishinda zote, kwani malori 30 ya tani 10 yangebeba kwa siku moja kile ambacho ndege 27 zilihangaika nacho usiku kucha, tena bila kuua rubani. Chakula kilikuwa kimeshawekwa upande wa Shirikisho. Lakini fimbo ya mbali haiui nyoka. Ojukwu alikataa kwa hoja mbili: chakula kilichopita mikononi mwa adui kinaweza kutiwa sumu, na barabara iliyoondolewa mabomu ya ardhini na vizuizi kwa ajili ya malori itapitisha pia vifaru. Hoja ya pili ilikuwa na uzito wa kijeshi. Ya kwanza ilikuwa hofu, ila hofu ya watu waliokuwa wamekimbia mauaji ya Waigbo kaskazini mwa Nigeria mwaka 1966 haifutwi kwa tamko la redio. Mazungumzo ya Niamey mwezi Julai 1968 na ya Addis Ababa mwezi Agosti, mbele ya Mfalme Haile Selassie, yalikwama hapohapo: mmoja barabara, mwingine anga. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na miezi hiyo miwili ilikuwa ya vifo vingi.

Mto Cross lilikuwa wazo la Wamarekani mwaka 1969, lililosukumwa na mjumbe wao maalumu Clyde Ferguson: vyombo vyenye tumbo bapa vipande mto na shehena kubwa. Kwa tani wazo lilikuwa zuri. Lilihitaji pande mbili zikubaliane juu ya kila kilomita ya mto uliopita katikati ya majeshi yao. Hazikukubaliana.

Ndege za mchana ndizo zilizokaribia zaidi. Tarehe 13 Septemba 1969 Msalaba Mwekundu na Lagos walitia saini: ndege ziruke mchana kutoka Cotonou kwa majaribio ya wiki tatu, zikaguliwe, na Nigeria iwe na haki ya kuiamuru ndege yoyote itue kwenye ardhi yake. Biafra ilikataa mara moja. Mkataba haukuwa na dhamana kwamba ndege za kivita hazingeifuata ndege ya msaada hadi Uli mchana kweupe. Lilikuwa swali halali, na Msalaba Mwekundu haukuwa na jibu la kuaminika. Lakini haki ituongoze kusema na upande wa pili. Ndege za silaha zilijificha katikati ya ndege za chakula usiku, na mchana maficho hayo yangekwisha. Tena mashirika yalibadilisha fedha za kigeni kuwa pauni za Biafra ili yalipe wafanyakazi na usafiri, na fedha hizo za kigeni Ojukwu alizihitaji. Lagos nayo ilijua kwamba kila mwezi unaopita bila mkataba unaidhoofisha Biafra zaidi. Kila upande ulikuwa na sababu yake ya kutokubali, na pande zote mbili ziliona miguu ya watoto ilivyovimba.

Kwa huduma ya São Tomé hadi Uli tunatoa nyota nne kati ya tano. Nyota moja tumeiondoa kwa kushiriki njia na silaha bila kupata, hata kwa kulazimisha, kiwanja cha chakula peke yake. Fernando Po tunaipa tatu: njia fupi, mikono mizuri, lango lililo mikononi mwa mwingine. Barabara ya Awgu, kwa uwezo, ingepata tano. Kwa kilo zilizofika Biafra, haina kitu.

Ndege za mwisho zilitua Uli usiku wa kuamkia 12 Januari 1970, siku ambayo Biafra ilitangaza kusalimu amri. Hati ilitiwa saini Lagos tarehe 15. Gowon akatangaza kwamba hataki msaada wa waliokuwa wameisaidia Biafra: Joint Church Aid, Caritas (shirika la misaada la Kikatoliki) na Canairelief miongoni mwa mashirika, na Ureno, Ufaransa, Afrika Kusini na Rhodesia miongoni mwa serikali. Uli ikafungwa. Ndege zilizoijua njia zilibaki zimeegeshwa São Tomé, maghala ya pale yakiwa bado na chakula, kilomita 600 kutoka kwa watoto waliokuwa wakikipokea wiki moja nyuma.